Neno Alilonipa Baba Mkwe Pamoja na Kisu

Bibi alitema kitu kiganjani, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakifuta na pindo la khanga afu akakiweka pembeni ya bakuli lake bila kusema neno.

Kilikuwa kipande cha mfupa chenye ncha kama mwiba wa mgunga. Na pembeni yake, nusu ya jino.

Wanawake walikuwa wamekaa mkeka wao karibu na jiko, sisi wanaume huku chini ya mti, hatua kama sita hivi, kwa hiyo niliona kila kitu. Mashemeji wote ghafla wakawa bize na mlenda kana kwamba ndo wanauona kwa mara ya kwanza maishani. Mke wangu akanitupia lile jicho ambalo waliooa wanalijua. Baba mkwe akamaliza tonge lake taratibu, akanawa, akajifuta mikono kwenye magoti.

"Mkwe," akasema, "nilikwambia tengua. Sikukwambia vunja."

Basi. Akarudi kwenye stori ya bei ya alizeti.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane, na mpaka leo naandika hapa ile sentensi haijaniacha. Nikiwa kwenye daladala ipo. Nikiwa kazini ipo, na kazini ndo ilinisumbua zaidi, nitawaeleza kwa nini.

Tulianzaje

Tulienda kumuonyesha mtoto kwa wazee, kijiji kimoja upande wa Bahi. Mbukwenyi nyingi, yaani salamu za Kigogo, kukaa, kunyanyuka, mtoto anazungushwa mikono kumi. Bibi yake mke wangu tangu tumeingia alikuwa ananiita "mume wangu", anamwambia mke wangu apishe pale kwenye kiti, mwenye mume kafika, yaani ule utani wa bibi na mume wa mjukuu wake mnaujua. Nilikuwa na raha zangu zote.

Baba mkwe akachinja mbuzi. Vijana wakachuna, wakatoa matumbo, mimi nikasimama pale nikishika mguu mmoja ili nionekane nafanya kitu. Nimezaliwa Dodoma mjini, Chang'ombe, nyama kwetu ilikuwa inakuja kwenye mfuko. Sasa mzee akanyanyua paja zima la nyuma akaliweka kwenye sinia, akaniletea na kisu.

Kisu chenyewe kidogo! Mpini wa mti, bapa limenolewa miaka hadi limebaki jembamba kama jani la mtama. Kwetu kisu kile ni cha kumenyea viazi.

"Tengua hii, uwapelekee jikoni."

Mi nikaona mzee kajichanganya. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakuta panga na gogo, nikashusha. Pa, pa, pa. Ndani ya dakika tano nilikuwa nimemaliza, nimeloa jasho na najiona mwanaume. Vipande vidogo vidogo, vizuri kabisa, kama vya buchani.

Na vile vyembamba vyenye ncha ambavyo sikuviona viliingia sufuriani pamoja na nyama.

Utetezi wangu wa kwanza

Sasa hapa ndo penyewe. Mimi kazi yangu ni Kiswahili. Nahariri taarifa za ofisi, barua, matangazo, na mtu akikosea "kwa niaba ya" na "kwa ajili ya" mimi ndo namrudishia karatasi na wino mwekundu. Neno tengua silijui kwa kusikia, nimelichapa mara nyingi kuliko jina la mtoto wangu.

Kwa hiyo njiani tunarudi, mke wangu kanuna, mtoto kalala, mi nikajipa utetezi: mzee anaongea Kigogo muda wote, Kiswahili chake kimechanganyika, alitaka kusema "kata", akasema tengua. Neno la watu si hilo. Tengua ni neno la karatasi.

Na ukikaa Dodoma utaniamini. Huku mjini tengua inaishi kwenye bahasha. Rais kikatiba ana mamlaka ya kuteua, Ibara ya 36 ipo pale, na anayeteua anatengua, kwa hiyo zile taarifa zikianza kuzunguka kwenye WhatsApp jioni watu wanaacha chakula: ametengua uteuzi wa fulani, utenguzi huo umeanza mara moja. Pale Bungeni ratiba ikigoma kukaa sawa na utaratibu waliojiwekea, linaletwa azimio la kutengua kanuni ili shughuli iendelee. Mahakama ya Rufani nayo inatengua hukumu ya mahakama ya chini. Ukienda msikitini utafundishwa mambo yanayotengua udhu.

Hebu angalia. Rais, Bunge, Mahakama na msikiti, na hakuna hata mmoja wao mwenye sinia la nyama.

Nikalala usingizi mzuri siku mbili.

Kamusi ikanigeuka

Siku ya tatu nikasema ngoja nihakikishe, sio kwa sababu nina wasiwasi, ni ili nimwonyeshe mke wangu. (Waliooa, tena, mnanielewa.)

Nikafungua kamusi. Maana ya kubatilisha ipo, sawa. Na maana ya kiungo cha mwili kutoka mahali pake nayo ipo, imekaa hapohapo, wala haina aibu. Tengua. Tenguka. Na jirani yake tegua na teguka, ambayo hiyo hata mi naitumia kila siku, mtoto akikanyaga vibaya tunasema kateguka mguu. Hata ile stori ya Yakobo kushindana mweleka usiku kucha hadi alfajiri, niliyoisikia Sunday school nikiwa na miaka saba, Biblia ya Kiswahili inasema uvungu wa paja lake uliteguka. Paja! Miaka yote hiyo neno lilikuwa kwenye paja, na mimi nililiona kwenye bahasha tu.

Nikafunga kamusi. Sikumwonyesha mtu.

Ila ukishaanza huwezi kuacha. Nikakaa na karatasi usiku nikawa naandika maneno yote yanayoishia na -ua ninayoyakumbuka. Funga, fungua. Tanda, tandua. Kunja, kunjua. Fuma, fumua. Tega mtego, tegua mtego, na kitendawili hivyo hivyo, kinategwa kinateguliwa. Kiswahili kimeweka kijimlango nyuma ya kitenzi, unaingiza -u- unatoka kinyume chake. Nadhifu sana.

Nikasema basi kuunga kinyume chake ni kuungua.

Loo. Hapana. Kuungua ni moto.

Hii ilinichekesha peke yangu saa sita usiku. Kiungo kimetokana na kuunga, pale mfupa na mfupa vinapoungana, ila ukitaka kusema umetenganisha pale vilipoungwa huwezi kusema umeungua maana watu watakuletea maji. Nafasi imeshachukuliwa. Ndo maana, hii ni hisia yangu tu msininukuu, lugha ikabidi imuazime jirani, ikamchukua tengua afanye ile kazi.

Na kiungo mwenyewe ana mambo mengi, kiungo ni goti, viungo ni bizari na iliki, kiungo ni yule jamaa wa katikati ya uwanja anayeunganisha mabeki na washambuliaji, na akitolewa dakika ya sitini unaiona timu inaachana vipande viwili bila mtu kuvunjika.

Ila lililoniuma zaidi ni hili. Wote tuliosoma sekondari tulifanya mnyambuliko wa vitenzi, piga, pigia, pigana, pigisha, na mwalimu kasimama na fimbo. Kuna aliyewahi kujiuliza kunyambua ni nini? Kunyambua ni kuchambua nyama nyuzinyuzi! Ile unachukua mnofu ulioiva unauvuta kwa vidole unatoka kamba kamba. Wataalamu wetu wa sarufi walipotaka neno la kupasua kitenzi na kutoa vitenzi vingine ndani yake walienda kuchukua neno la watu wanaokula nyama.

Na kitenzi chenyewe kina pingili kama mgongo wa mbuzi. *Hatukumtengulia.* Ha, tu, ku, m, tengu, li, a. Ukijua pa kupitisha kisu kila kipande kinatoka kizima na kina kazi yake. Ukikata popote tu, hatuk, umten, gulia, umebaki na vijiti vya mfupa.

Nilivyofika hapo nikaacha kalamu. Nikajua siku ile nyuma ya nyumba nilifanya nini.

Msalato

Jumamosi moja nikaenda mnadani Msalato, kule barabara ya Kondoa. Nilimwambia mke wangu naenda kununua nyama choma. Nilienda kuangalia mikono ya watu.

Wanaokwenda Msalato wanajua, moshi unauona kabla hujaona watu, mbuzi wananing'inia, vumbi, spika zinagombana. Nikakaa kwenye benchi karibu na jamaa mmoja mtu mzima hivi, fulana ya timu imefifia, anashughulikia mbuzi aliyechunwa. Ana kisu kidogo. Kile kile! Sio chenyewe lakini ndugu yake.

Kwanza akanyanyua mguu wa mbele kama anayemsalimia mbuzi mkono. Akapitisha kisu kwapani, mara moja, mara ya pili, huku anavuta mguu kwa nje. Ukatoka. Mguu mzima na bapa lake la bega, ukatoka kama unavua koti, na sikusikia chuma kikigusa mfupa hata kidogo.

Nikadhani ni uchawi. Nikauliza.

"Huo haujashikwa na mfupa," akasema, hanitazami. "Nyama tu."

Ni kweli, nimekuja kusoma baadaye. Mbuzi hana mtulinga, ule mfupa wetu wa hapa juu ya kifua. Mguu wake wa mbele umeshikiliwa na misuli na kano tu, yaani mnyama mzima nusu yake ya mbele inaning'inia kwenye machela ya nyama. Fikiria mtu na panga anatafuta mfupa wa kuvunja mahali ambapo hakuna kilichoungwa kwa mfupa.

Nikabaki nimeduwaa na soda yangu.

Akaja mguu wa nyuma. Huu ndo nilikuwa nausubiri kama mtihani. Akabinya na dole gumba pale nyonga, anatafuta, huku anauchezesha mguu kwa mkono wa pili, mbele nyuma, mbele nyuma. Akapata. Akaingiza ncha ya kisu tu, ncha, akaukunja mguu kwa nje, pakatoka mlio.

*Ko.*

Mdogo, kama mtu amefungua chupa ndani ya mfuko. Na pale ndani nikaona: kichwa cha mfupa wa paja cheupe, cha duara, kinang'aa kama goroli iliyolowa, kimetoka kwenye kikombe chake. Katikati ya goroli kuna kijikamba kifupi kilichoshikia kikombe, akakikata, mguu ukawa wake. Kikombe kizima, goroli nzima, hakuna hata chembe.

"Hiyo mnaitaje?" nikauliza. Moyo unanidunda kabisa, mtu mzima mimi.

"Ipi?"

"Hiyo uliyofanya."

"Kutoa mguu."

Aisee.

Nikamsogelea. "Haiitwi kutengua?"

Ndo akanitazama sasa. "Kutengua si kwa binadamu? Na wakubwa huko." Akaelekeza kisu upande wa mjini. "Hapa tunaachanisha. Wengine wanasema kufungua. Unataka kilo ngapi?"

Hapo nikarudi nyuma

Nilirudi nyumbani na kilo moja na nusu na mashaka matupu. Maana kama fundi mwenyewe hasemi tengua basi labda utetezi wangu wa kwanza ulikuwa sawa, labda ni neno la baba mkwe peke yake na mimi najitungia falsafa kwenye jino la bibi wa watu.

Nikaenda pia bucha ya mtaani kwetu. Kijana wa pale ana panga, gogo, na mkono kama pistoni. Nikamuuliza kwa nini hafuati maungio. Akanijibu kitu ambacho bado nakiheshimu: "Nikifuata maungio, atakayepata nyonga atalalamika mfupa mtupu, atakayepata paja atakuwa kapata steki kwa bei ya mchanganyiko. Nikikata hivi kila mtu anapata mfupa wake kidogo na nyama yake kidogo."

Kumbe panga lina haki yake! Mzani unadai hivyo. Mteja hanunui paja, ananunua kilo, na kilo haina jina wala maungio. Nilikuwa nimeshaanza kulidharau panga, nikaona nitulie.

Kwa baba mkwe hakuna kilo. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa pale pale buchani nimeshika mfuko. Siku ile kwake, kabla nyama haijaenda jikoni, kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Mguu wa mbele wa mzee fulani jirani ambaye wala hakuwepo, alibebewa na mtoto kwenye beseni. Kidari kwa akina mama. Shingo kwa vijana waliochuna. Lile paja nililopewa lilikuwa la nyumba ya bibi, na mimi ndo nilipewa heshima ya kulifikisha kwake likiwa bado linajulikana kuwa ni paja.

Nikalifikisha likiwa mchanganyiko.

Bega la shemeji

Mwezi wa tisa mwishoni shemeji yangu mdogo akaanguka na bodaboda. Hakuumia sana, kwanza tulidhani, alikuja nyumbani amelishika bega lake kama kabeba mtoto, mkono unaning'inia na pale juu badala ya duara pamekuwa pameingia, kama kona ya meza.

Jirani akasema tumvute, yeye anajua. Nilikataa, na hili naomba mlibebe hata kama mengine mtayaacha: usimwachie mtu avute. Pale kwenye bega panapita mishipa ya damu na ya fahamu, na unaweza usijue kama kuna mfupa umepasuka pia mpaka ipigwe picha. Tukamfunga khanga kama kombeo, tukampeleka.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole sana, akaangalia picha akasema, "Halijavunjika. Limetenguka tu."

*Tu.*

Niliganda. Shemeji analia, mke wangu analia, mi nimesimama natabasamu kama mwendawazimu kwa sababu ya kitenzi.

Akatuelekeza kwenye picha, mpira ule, kikombe kile. Akasema kikombe cha bega hakina kina, ndo maana mkono unazunguka kila upande, na ndo maana katika maungio makubwa ya mwili bega ndo linaloongoza kutenguka. Nikauliza sasa mnaliunga? Akasema hapana, *tunalirudisha*. Kilichovunjika ndo kinaungwa. Kilichotenguka hakijaharibika chenyewe, kimekosa mahali pake, kwa hiyo kinarudishwa kinapokaa.

Wakampa dawa, wakaingia naye ndani. Mi nikabaki kwenye benchi la koridoni na hiyo sentensi, nikaiweka pembeni ya ile ya baba mkwe, zikakaa vizuri.

Nikaanza kuwafikiria hata wale wa kwenye bahasha. Mnakumbuka kipindi kile cha kuanzia 2015 mwishoni, neno lilikuwa kutumbua, majipu. Mtu akiondolewa kazini mtaani wanasema katumbuliwa, na karatasi yenyewe inasema uteuzi wake umetenguliwa. Maneno yote mawili ni ya mwilini. Ila aliyetumbuliwa ni usaha, hakuna anayetaka kumrudisha. Aliyetenguliwa ni goroli. Kiti chake kipo kizima, na yeye yupo mzima, wameachana pale walipokuwa wameshikana. Ndo maana hatushangai tukiona mwaka unaofuata mtu yule yule kateuliwa sehemu nyingine, watu wanasema eti siasa. Mi naona kitenzi kilishasema tangu mwanzo.

Najua inaweza kuwa nimeenda mbali. Mbuzi wa Msalato harudishwi mguu wake. Hukumu ikishatenguliwa haikai mahali ikisubiri. Nimeligeuza hili jambo kichwani wiki nyingi na kuna siku naona lote ni la kulazimisha, kuna siku naona liko wazi kama mstari wa mafuta kwenye goti la kuku.

Ngoja niwaeleze hiyo ya kuku, maana ndo imenifanya niandike.

Kuku wa Singida

Bibi alikuja mjini wiki iliyopita. Kile kisiki cha jino kilikuwa kimeanza kumsumbua, kavimba shavu, ikabidi aje kung'oa. Kafikia kwetu. Kaingia, kasalimia, kambeba mtoto, mi akaniita "baba".

Baba! Sio mume wangu. Tangu siku ile ya mkeka utani ulikufa, na bibi akiacha utani na wewe hakuna mtu anaweza kukusaidia.

Jamaa mmoja anayepiga ruti ya Singida aliniletea kuku wa kienyeji, jogoo, miguu migumu kama ya mwanariadha. Nikamwambia mke wangu leo jiko niachie. Nikachukua kisu cha viazi. Cha viazi, ndiyo.

Kuku hana siri nyingi lakini anataka umguse kwanza. Nikashika paja nikalikunja kwa nje, ngozi ikajivuta, nikaikata, nikaendelea kukunja mpaka nyonga ikatoka yenyewe, *ko*, hapohapo nikapitisha kisu na paja likabaki mkononi. Kati ya paja na mguu, kwa ndani, kuna kamstari kembamba ka mafuta meupe, miaka yote nimekala na sijawahi kukaona, kisu ukikiweka juu ya huo mstari kinazama kama kwenye siagi, ukikosea hata kidogo kinagonga mfupa kinakurudisha. Kipapatio unakinyanyua, unachezesha, unatafuta panapocheza. Mgongo ulinishinda kidogo, nilichanganya pingili, pale nikakwama na mke wangu akawa anachungulia mlangoni anacheka kimya kimya.

Nikapiga simu kwa baba mkwe nikiwa na mikono ya mafuta.

"Baba, shikamoo. Mgongo wa kuku unatenguliwa wapi?"

Kimya. Afu nikasikia anacheka, mzee ambaye sijawahi kumsikia akicheka. "Mkwe, mgongo wa kuku huo vunja tu."

Supu ikaiva saa kumi na mbili jioni. Nikaitenga mwenyewe: paja zima, limekaa kwenye bakuli na umbo lake, kichwa chake cheupe kimechungulia juu ya mchuzi, hakuna kijiti, nilikuwa nimeichuja supu kwenye chujio mara mbili kwa woga. Nikampelekea bibi kwa magoti kabisa.

Akaliangalia. Akalishika pale kwenye nyonga, akapitisha dole gumba juu ya ile goroli, taratibu, akaizungusha kama mtu anayekagua shanga.

Afu akarudisha bakuli. Aling'olewa jino mchana ule, mdomo una pamba, hatafuni kitu.

Akanywa mchuzi vijiko vinne, akajifuta.

"Hili lifunike uliweke kwenye friji," akasema, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo. "Nitalila kesho, mume wangu."